Tik, katikati ya usiku

Jumanne usiku nilidhani ni panya. Tik, kimya, kisha tik tena, kutoka kwenye rafu ya vyombo. Asubuhi nikakuta chetezo changu, siku nne tu tangu kitoke motoni, kimebanduka kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Katikati ya kidonda kulikuwa na kitone cheupe kama punje ya mchele. Vibia viwili navyo vilikuwa hivyo hivyo. Nikacheka, maana kulia mbele ya watoto ni aibu.

Kitone kile ni chokaa. Udongo wangu nauchimba bondeni, nyuma ya Amboni, na hapa Tanga nani asiyejua kuwa yale mapango ni mawe ya chokaa? Nilipelekwa huko nikiwa darasa la nne. Sikuwahi tu kuyaweka mambo mawili pamoja. Kijiwe cha chokaa kikibaki ndani ya chungu, tanuri likapita nyuzi 800 hivi, kinageuka chokaa isiyozimwa. Kikitoka motoni kinaanza kunywa unyevu wa hewani, na hewa ya Tanga kwa unyevu haina uchoyo. Kinavimba, na kwa kuwa chungu hakina pa kukipisha, kinabanduka.

Kinachoniuma ni kwamba bibi jirani yangu, Mbondei, anayefinyanga tangu mimi sijazaliwa, anachimba bonde lile lile na vyungu vyake havijawahi kumfanyia hivyo. Anachomea uani kwa kuni na nyasi, na moto wake haufiki joto hilo. Mimi nilijenga tanuri la matofali nikatamba nalo mtaa mzima.

Nikampelekea chetezo. Shikamoo, marahaba, akakigeuza mara mbili, akaguna.

"Mjukuu wangu, uliutafuna?"

Nikadhani kasema niliutwanga. Hapana. Alichota udongo mbichi kwenye ndoo yangu, kiasi cha harage, akauweka kati ya meno ya mbele na kuusaga taratibu huku ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza simu mbovu. Akatema. "Una mawe huu. Ulikuwa na haraka ya nini?"

Basi nimeanza upya. Safari hii nimeuanika hadi ukawa mkavu kabisa, kosa langu la kwanza likiwa hapo: nilikuwa nauloweka ungali na unyevu, nikidhani nimeokoa muda, kumbe bonge bichi hukaa majini siku tatu na moyo wake bado mgumu. Bonge kavu ukilitia majini linatoa vipovu na kuporomoka lenyewe. Inafurahisha kulitazama, nilikosa chai kwa ajili yake.

Kesho yake nikakoroga hadi ukawa kama uji wa mgonjwa, nikaacha kidogo mchanga utulie chini, nikamimina wa juu kupitia chandarua chakavu, kisha chekeche la unga (mwenye chekeche hajui bado). Yale makapi niliyakamulia ndimu. Yakatoa povu! Kumbe ndiyo yale, kiganja kizima cha chokaa, na mwezi uliopita yote hayo niliyafinyanga. Najua vumbi lake jingine limepita na uji, lakini likiwa laini hivyo halina nguvu ya kubandua kitu.

Uji umetulia siku mbili, maji ya juu nimeyamwaga, uliobaki nimeutia ndani ya foronya na kuutundika kwenye mwembe. Jirani mmoja kauliza kama natengeneza jibini.

Chetezo nimekitwanga. Wanasema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi gae naulisha udongo, baada ya kuchagua vitone vyeupe kimoja kimoja. Nilichora mstari wa sentimita 10 kwenye kipande cha udongo mtupu, kilipokauka ukabaki 9.1. Wenye unga wa vigae ulibaki 9.4. Kwa mtungi, tofauti hiyo ndiyo ufa au salama.

Kibia kimoja cha majaribio kimetoka tanurini jana. Nimekiweka kwenye stuli karibu na kitanda, dirisha wazi upande wa bahari. Feni nimeizima, nisikie vizuri.