Chungwa la Muheza na hesabu za sehemu

Jioni hii Ngamiani umeme umekatika, tumekaa barazani na mpwa wangu. Yuko darasa la nne, Oktoba ndiyo upimaji wa taifa. Asiyefaulu anarudia darasa, kwa hiyo presha imempanda dada yangu kuliko mtoto mwenyewe.

Namuuliza: kipi kikubwa, 1/2 au 1/4?

"Robo, mjomba. Si nne inaizidi mbili?"

Kajibu bila hata kupepesa macho 😂

Nikachukua chungwa la Muheza, nikalikata nusu, kisha nusu moja nikaigawa tena. Haya, chagua chako.

Mkono ukaenda kwenye nusu kabla sijamaliza kusema.
Halafu ukasimama hapohapo juu ya sahani. Akanitazama, akaitazama ile robo, midomo inachezacheza.

"Kumbe mkigawana wengi kila mtu anapata kidogo!"

Nikamtupia 1/8.

"Hiyo mjomba ni ya kulamba tu."

Makaratasi yote ya tuisheni aliyokaririshwa hayakufika hapo.

Kesho tunajumlisha sehemu zenye asili (ile namba ya chini) tofauti, na machungwa tumeshayala. Walimu na wazazi humu, nyie mnatumia nini?