Nilivyovijenga vidole vyangu kwa ajili ya Lukenya

Mara tatu nilianguka mahali pale pale. Njia yenyewe ni ya kukwea mwamba, na iko Lukenya, kile kilima cha mawe unachokiona ukipita Athi River kwa Barabara ya Mombasa, kabla hujafika njia panda ya Machakos. Ina kama mita 25. Mita 18 za kwanza nilizimaliza vizuri, halafu vigasha vikaanza kujaa, vikawa vigumu kama gogo, na vidole vikafunguka huku akili ikiviamuru vishike. Kila mara nilibaki naning'inia kwenye kamba, macho yakiwa kwenye ufa mdogo uliokuwa mkono mmoja tu juu yangu.

Niliamini kinachonipungukia ni nguvu za mabega. Kwa miezi miwili nikawa najivuta kwenye chuma kila jioni, nikatoka mara nne nikafika mara kumi na moja. Nikarudi, nikaanguka pale pale. Mzee aliyenishikia kamba siku hiyo amekwea Lukenya tangu kabla sijazaliwa. Aliponishusha hakunipa pole.

"Mwanangu, wewe unavuta ndoo kisimani," aliniambia. "Mwamba unasimamiwa kwa miguu. Mkono kazi yake ni kukuzuia usirudi nyuma. Na huo mkono unaukaba mpaka damu haipiti."

Alisema kweli tupu. Misuli inayofunga vidole iko kwenye kigasha, na ukishika kwa nguvu nyingi misuli hiyo huibana mishipa ya damu. Damu isipopita, misuli haipati hewa ya oksijeni, na uchafu wa kazi haiutoi. Ndiko kujaa kwenyewe. Kwa hiyo nilihitaji vitu viwili: vidole vyenye nguvu zaidi, ili kila mshiko unidai sehemu ndogo ya uwezo wangu, na misuli iliyozoea kufanya kazi muda mrefu.

Nilianza na vidole, na hapo nikakosea. Fundi seremala alinichongea ubao wenye ukingo wa milimita 20, nikausugua kwa msasa mpaka kona zikawa mviringo zisinikate ngozi, nikaufunga kwa skrubu juu ya mlango wa chumba. Raha ya kitu kipya ilinipumbaza akili. Nilining'inia siku tano kwa wiki, vidole nimevikunja kabisa, kidole gumba juu ya cha shahada. Wiki ya nne, jioni moja, kidole cha pete cha mkono wa kushoto kililia *tak*, kama kijiti kikavu. Sikuweza kufunga kifungo cha shati kesho yake.

Mtaalamu wa viungo alinichorea kidole kwenye karatasi. Kano hupita chini ya vijishipi vinavyoibana ikae karibu na mfupa, kama uzi wa fimbo ya kuvulia unavyopita kwenye vipete vyake. Kimoja nilikuwa nimekijeruhi. Misuli huongezeka nguvu kwa wiki chache tu, lakini kano na vijishipi hivyo huchukua miezi mingi, kwa sababu damu inayovifikia ni kidogo. Mimi nilisikia misuli iko tayari nikadhani mkono mzima uko tayari.

Wiki sita sikugusa ubao. Nilipoumia sana moyoni, mzee akanipeleka kwenye mawe mepesi kabisa, yale ambayo watoto wa shule hufundishiwa, akaniambia nipande na kushuka dakika 20 bila kugusa ardhi na bila mikono kujaa. Mwanzoni niliona ni kupoteza Jumamosi. Kumbe pale ndipo nilipojifunza kukwea. Ukipewa dakika 20 unatafuta mwenyewe pa kuweka ncha ya kiatu, unausogeza mwili karibu na mwamba, unanyoosha mkono badala ya kuukunja, unapumua. Nilifika dakika 40. Mazoezi hayo taratibu huongeza vimishipa vidogo vya damu ndani ya misuli, na kwangu ndiyo yaliyobadilisha kila kitu kuliko ubao wowote.

Ubao niliurudia polepole. Jumanne tu na Ijumaa, baada ya kupasha mwili joto nusu saa. Nilifunga tyubu kuukuu ya baiskeli kwenye skrubu, nikatia mguu mmoja ndani yake ili inipunguzie uzito. Sekunde 7 naning'inia, sekunde 3 napumzika, mara sita, inatimia dakika moja. Kisha mapumziko ya dakika tatu kamili, kwa saa, si kwa kukisia. Mizunguko minne basi. Vidole nusu kukunjwa, kidole gumba pembeni. Kidole kikiuma hata kidogo, naacha siku hiyo. Niliongeza pushapu pia, maana anayevuta tu bila kusukuma mabega humwinamia mbele. Tyubu niliitoa mwezi wa nne.

Nilirudi kwenye njia yangu asubuhi ya baridi, mwamba ukiwa mkavu. Mwamba wa Lukenya una chembe zinazokwaruza, ukiuamini kwa mguu unakubeba. Kwenye mita ya 15 kulikuwa na kingo pana niliyokuwa nikiipita kwa haraka siku zote. Safari hii nilisimama. Nikauachia mkono wa kulia, nikaukung'uta chini ya kiuno, nikahesabu pumzi kumi, nikabadilisha. Nilisikia damu ikirudi, joto linashuka hadi kwenye kucha. Nilipofika penye ufa vigasha vilikuwa vimechoka ila havijajaa. Vidole viwili vikaingia, vikakaa.

"Umefika?" mzee akaita kutoka chini.

"Bado mita chache, mzee!"

Sasa tunajiandaa kwa Nelion, kilele cha pili kwa urefu cha Mlima Kenya, mita 5,188, kwa uso wa kusini-mashariki walioupanda Eric Shipton na Wyn Harris mwaka 1929. Uso huo hukauka vizuri Januari na Februari. Kule kamba hufungwa na kufunguliwa kutwa nzima, hewa ni nyepesi. Jumamosi zangu zimerudi kwenye mawe mepesi, dakika 40, mara mbili.