Kifuniko cha Gurudumu

Lori la kokoto ndilo lililotuingiza. Sisemi hivi kujitetea, maana usiku ule nilijitetea hadi sauti ikakauka. Nasema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Ulikuwa mwaka 2011, mvua imetoka kunyesha, na njia ya kwenda kwenye jengo la abiria la uwanja wa ndege imefungwa kwa ujenzi. Kibao cha kuonyesha mchepuko kilikuwa kimelala chali kwenye tope. Lori lililokuwa mbele yangu likawasha indiketa ya kushoto, geti likafunguliwa, nami nikaliganda nyuma kama ndama na mamaye. Mlinzi alipunga tochi. Nilidhani anatukaribisha, yeye, kama nilivyokuja kujua, alidhani niko pamoja na lori.

Shangazi alikuwa kiti cha pembeni, mkoba mapajani. Tulikuwa tunakwenda kumpokea mwanawe na tulikuwa tumechelewa. Lori likaishia gizani kwenye lundo la mchanga. Sisi tukanyoosha.

Zikaanza taa za bluu, za chini, huku na huku.

"Wamepapamba," shangazi akasema, na mimi nikaitikia.

Hapo ndipo ninapojishangaa mpaka leo. Sikupita kwenye giza. Nilipita katikati ya alama. Kibao chekundu chenye tarakimu nyeupe, 14-32, nilikiona vizuri kabisa, nikasema moyoni hiyo ni namba ya maegesho. Mistari minne ya njano iliyokatiza lami niliiona pia. Nilipunguza mwendo nikidhani ni matuta, kisha nikafurahi kuona si matuta. Kwa kuwa nilikwishaamini niko barabarani, kila nilichokiona kiligeuka kuwa cha barabarani.

Nikakata kushoto. Lami ilikuwa pana ajabu (mita 45, niliambiwa baadaye), haina hata shimo la kutumbukiza kidole. Taa za pembeni sasa zilikuwa nyeupe. Niliongeza mwendo, Mungu anisamehe.

"Mwanangu," shangazi akasema baada ya kimya, "mbona hatupishani na mtu?"

Nikakanyaga breki. Kule mbali, juu ya mnara, taa nyekundu ilikuwa ikiwaka na kuzima, imetuelekea sisi. Waongozaji wa ndege huwa na taa ya namna hiyo kwa ajili ya watu ambao hawawezi kuwapata kwa redio. Nyekundu isiyokatika humwambia dereva asimame. Nyekundu ya kuwaka na kuzima humwambia atoke hapo upesi. Mimi ya kuwaka na kuzima ndiyo niliyoonyeshwa, na ndiyo niliyoisimamia, nikiitazama kama tangazo la soda.

Halafu nikaona taa nyingine, mbele yetu, juu kidogo ya mwisho wa lami. Haikwenda kushoto wala kulia. Ilikuwa inakua tu. Sijui ilikua kwa muda gani kabla haijainuka. Ninachokumbuka ni mngurumo ulioitikisa gari mpaka vioo vikalia, na mimi nimejifunika kichwa kwa mikono, kana kwamba mikono ingefaa kitu. Shangazi alikuwa ameanza dua. Aliikatiza ili aniulize ile ndege inakwenda wapi tena. Ilikuwa imekatisha kutua kwa sababu yetu, inazunguka kuanza upya.

Gari la taa ya rangi ya chungwa likatufikia. Akashuka kijana, hakufoka. "Dada, nifuate. Usinipite." Mkono alioushika nao mlango wangu ulikuwa unatetemeka, na hapo ndipo na mimi nilipoanza kutetemeka.

Ofisini walitutenganisha. Aliyenihoji alikuwa mtu mzima mwenye subira. Nilipomwambia sikuona alama alicheka kidogo, akageuza karatasi na kunichorea ile mistari minne: miwili mizima upande niliotokea, miwili ya vipande upande wa njia ya kurukia. Ukiikuta mizima mbele yako, unasimama mpaka mnara ukuruhusu. Zile tarakimu nazo ni nyuzi za dira zilizoondolewa sifuri ya mwisho: upande mmoja 140, mwingine 320. Nilimsikiliza kama mwanafunzi, nikidhani tunakaribia kumaliza.

Akaingia mwenzake, ametoka kulikagua gari langu. "Gurudumu la nyuma kulia halina kifuniko. Kimeanguka lini?"

Sikujua. Sikujua kabisa. Huenda wiki iliyopita, huenda nusu saa iliyopita. Nikasema hivyo hivyo, na uso wa yule mzee mwenye subira ukabadilika kuliko nilipotaja kuvuka mistari. Kipande kidogo tu kikiachwa pale kinaweza kupasua tairi la ndege au kuvutwa ndani ya injini. Akainua simu. Kupitia dirishani nikaona magari mawili yakienda na kurudi, taratibu, yakimulika kila shubiri ya lami, huku juu ndege zikizunguka zikisubiri. Nilihesabu dakika kwenye saa ya ukutani: 40. Hawakupata kitu. Waliandika maelezo yangu, wakanakili leseni, wakanionya vikali, wakaniachia.

Miaka miwili baadaye, Septemba 2013, nilisoma habari za uwanja wa Fairbanks, Alaska. Ramani ya simu iliwaongoza madereva hadi kwenye barabara ya kiungio, ile ambayo ndege huipita kwenda kwenye njia ya kurukia. Wawili, kwa siku tofauti ndani ya mwezi mmoja, walipita alama zote na kukatiza njia ya kurukia kufuata jengo la abiria waliloliona ng'ambo, mpaka uwanja ukaweka vizuizi. Watu niliokuwa nao walicheka wakauliza hao vipofu walikuwa wanaangalia nini. Nilinyamaza.

Lakini hiyo ni baadaye. Wiki tatu tu baada ya mkasa wetu nilikwenda kwa shangazi, nikapitia uani. Kuku wake walikuwa wanakunywa maji kwenye kitu cha duara cha rangi ya fedha.

"Shangazi, hiki umekitoa wapi?"

"Hicho? Kilidondoka hapa hapa siku uliyoniletea mkaa. Tangu mwezi ule. Nikaona kinafaa."

"Na usiku ule mbona hukusema?"

Akamwaga maji machafu, akakisuuza, akakijaza upya.

"Mimi waliniuliza jina na umri," akasema. "Habari za gurudumu walikuuliza wewe."