Usiku wa Mifuko ya Njano

Tangu mama awekewe vali ya bandia ya moyo mwaka 2016, chumba chetu cha Magomeni kilikuwa na saa mbili: moja ukutani, nyingine kifuani mwake. Usiku ukitulia nilikuwa nausikia moyo wake, tik, tik, tik, vali ikifunguka na kujifunga. Vali aliyozaliwa nayo ililiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Hii mpya, sisi nyumbani tuliiita ya chuma.

Kwa ajili ya vali hiyo alimeza warfarini kila jioni, dawa ya kulainisha damu, ili bonge la damu lisijijenge pale na kuiziba. Kila mwezi alipimwa INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, na kwake ilitakiwa icheze kati ya 2.5 na 3.5. Mimi ndiye niliyemsindikiza kliniki. Haya yote nilikuwa nayajua, na ndiyo maana bado yananiuma.

Masika ya 2018 tumbo lilimkamata. Nikaenda duka la dawa, nikasema mama anaharisha, nikapewa metronidazoli za siku saba. Muuzaji hakuuliza kama mgonjwa ana dawa nyingine anayotumia, nami sikusema. Sikujua kwamba vidonge vile vinalizuia ini lisiivunje warfarini. Kila jioni mama alimeza dozi yake ileile, lakini mwilini ilikuwa inarundikana.

Siku ya sita fizi zikatoa damu. Akasema mswaki ndio mgumu, nami nikakubali. Kesho yake, yapata saa tatu usiku, aliniita kutoka chooni kwa sauti ya chini sana: "Mwanangu, hebu njoo uone." Choo kilikuwa cheusi kama lami. Alipotaka kusimama, magoti yakamwishia nguvu.

Bonde la Jangwani, njia yetu ya kwenda hospitali, lilikuwa limejaa maji na barabara imefungwa. Kijana wa bajaji akaniambia, "Mshike mama vizuri dada, tunazungukia daraja la Salenda." Njia nzima sikio langu lilikuwa kifuani kwake, lakini kwa mvua ile na mngurumo wa injini sikusikia kitu.

Daktari wa zamu alikuwa mdogo kuliko mimi. Kabla ya yote aliinama, akasema, "Shikamoo mama." Mama akaitikia marahaba kwa shida. Ndipo akauliza dawa anazotumia. Nikampa kadi ya kliniki, na kutoka kwenye mkoba nikatoa ile pakiti ya metronidazoli. Aliitazama, akanitazama, hakunigombeza. Majibu ya INR yalirudi: 8.6.

Alinivuta pembeni. "Dada, nikwambie ukweli. Tukiiacha damu hivi, itaendelea kumtoka tumboni. Na tukiirudisha kuganda kupita kiasi, vali inaweza kuziba. Tutakwenda katikati." Sijawahi kusikia neno "katikati" likiwa zito namna ile.

Walianza na vitamini K, ikidondoka polepole kwenye mshipa. Nilidhani ndiyo imekwisha, damu itakoma. Hapana. Alinieleza kuwa warfarini haiifanyi damu kuwa nyepesi kama maji, ila inalinyima ini vitamini K ya kutengenezea protini za kugandisha damu. Kuirudisha ni kama kumpelekea fundi mwashi saruji: kazi itaanza, lakini ukuta hauinuki papo hapo. Ini linahitaji saa kadhaa, na mama hakuwa nazo. Ipo dawa ya unga yenye protini hizo, akasema, inayokorogwa kwa maji kidogo na kufanya kazi ndani ya dakika chache, ila usiku ule haikuwapo. Iliyokuwapo ni plazma, yaani maji ya damu, ya watu waliochangia damu, imegandishwa kama barafu. Protini zimo tayari.

Kusubiri iyeyuke kwenye maji ya vuguvugu ilikuwa kama nusu saa. Kwangu ilikuwa masika nzima. Sista alipoitundika mifuko, ya njano kama mafuta ya alizeti, mama alifumbua macho. "Mbona si nyekundu?" Sista akamjibu, "Hii ndiyo ya kuziba, mama. Nyekundu inakuja." Mifuko minne iliingia kwa kupimwapimwa, maana moyo wake usingestahimili maji mengi kwa mara moja. Kila baada ya muda daktari alirudi na kipimo chake cha masikioni, akisikiliza kifua. Nilimuuliza anatafuta nini. "Mlio wa vali. Ukififia, nina wasiwasi."

Akiondoka, nikaweka sikio langu mimi. Tik. Tik. Sikulala hata kidogo.

Adhana ya alfajiri ilipolia, INR ilikuwa 1.9 na choo cheusi hakikurudi. Nikatoka nje kuwapigia simu wajomba na binamu waje kuchangia damu, kufidia aliyopewa mama. Wakaja sita, wawili viatu vimejaa tope la Jangwani.

Siku ya nne alianzishiwa sindano za kuzuia bonge. Siku ya saba, jioni, sista akaleta kidonge kimoja kwenye kikopo. Mama akakimimina kiganjani, akakitazama kwa muda.

"Ndicho kilekile?"

"Ndicho, mama."

Akasema bismillahi. Nilimshikia kikombe cha maji kwa mikono miwili.