Nusu saa ya Nahodha Dixon

Jumapili, usiku

Nimekuwa nikisoma habari za nahodha Mwingereza, George Dixon, na kuna nusu saa moja ya maisha yake ambayo haitaki kunitoka kichwani.

Dixon hakuanza kama nahodha. Katika safari ya tatu ya James Cook, mvumbuzi Mwingereza, alikuwa fundi wa silaha, mtu wa chuma. Cook aliuawa Hawaii mwaka 1779, lakini mabaharia wake walipofika China walikuta ngozi za fisi maji wa baharini, walizozipata kwa vitu vidogo vidogo pwani ya Amerika Kaskazini, zikigombaniwa kwa bei kubwa ajabu. Habari ikafika London. Mwaka 1785 wafanyabiashara wa huko wakatuma meli mbili: King George ya Nathaniel Portlock, na Queen Charlotte ya Dixon.

Julai 1787 Queen Charlotte ilifika kwenye visiwa vya Wahaida, wenyeji wa pwani ambayo leo ni ya Kanada, karibu na Alaska. Mitumbwi ikaizunguka. Mara watu wakaanza kuvua majoho ya ngozi waliyovaa, wakigombania nani auze kwanza. Wengine waliyatupa tu melini bila kungoja mtu wa kuyapokea. Haya yaliandikwa na William Beresford, karani wa biashara wa meli hiyo. Katika muda usiofika nusu saa zilipatikana ngozi karibu 300, na malipo yalikuwa vipande vya chuma vya kutengenezea patasi.

Sikubali wanaposema Wahaida walidanganywa kama watoto. Hawa ni mafundi waliochonga mitumbwi mikubwa na nguzo ndefu kutoka kwenye mierezi, na mchongaji anajua thamani ya chuma kikali. Walijua walichokitaka. Bei ya Canton, bandari ya China, ndiyo hawakuijua, na Dixon aliijua. Kutoka visiwa hivyo peke yake aliondoka na ngozi 1,821. Yeye na Portlock waliuza China ngozi 2,552 kwa dola 50,000.

Kinachoniuma zaidi ni mnyama mwenyewe. Fisi maji huyu hana mafuta mwilini kama nyangumi; joto lake lote liko kwenye manyoya, na ndiyo maana manyoya yale ni mazito kupita ya mnyama mwingine yeyote. Kilichomlinda na baridi ndicho kilichomponza. Tena huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati. Mkataba wa kumlinda ulipotiwa saini mwaka 1911, visiwani alikuwa karibu kutoweka kabisa. Wahaida nao, ndui ya 1862 iliua sehemu kubwa yao.

Mwaka huohuo wa 1787, Dixon na Portlock walimkuta John Meares, nahodha mwingine wa biashara ya ngozi, huko Alaska, meli yake imenaswa na barafu, watu 23 wamekufa, wengi kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Walimsaidia, ila kwa sharti aache biashara ya pwani ile. Hapo naona huruma na hesabu zimekaa meza moja, na sijui nimpende au nimchukie.

Visiwa Dixon alivipa jina la meli yake. Mwaka 2010 Wahaida walilirudisha jina hilo kwa serikali, limewekwa ndani ya sanduku la mbao, na visiwa vikaitwa rasmi Haida Gwaii. Mlango wa bahari wa kaskazini bado una jina la Dixon. Hilo halinisumbui, yeye alipita tu, na mlango ni wa kupitia.