Kiti kile hakikuwa kifupi

Kiti kile hakikuwa kifupi. Kilikuwa kiti cha mbao cha kawaida, cha kimo kilekile cha viti vya ofisi yetu ya walimu, na tangu Jumanne nimekuwa nikijirudia jambo hili moyoni kama vile kuna mtu anayebishana nami.

Mnajua kwamba ugonjwa wangu wa vidonda vya utumbo mpana uliamka tena mwezi wa nane, na kwamba Mama aliahidi kushuka kutoka Marangu anisindikize kliniki. Nilitarajia maswali ya siku zote: unaenda choo mara ngapi, bado unaona damu? Safari hii daktari alitaka kujua zaidi. Alinipa kifaa nikibane kwa kiganja kwa nguvu zangu zote, akanitaka nitembee mita 4 kwa mwendo wangu wa kila siku, kisha akaniambia nikunje mikono kifuani, nisimame na kuketi mara 5 bila kushika kitu. Mara ya nne mapaja yalinitetemeka, nikashika ukingo wa meza, nikaomba radhi. Nilipopumzika na kurudia tangu mwanzo nilimaliza kwa sekunde 19, ilhali mtu akizidisha sekunde 15 tayari inashukiwa kwamba misuli yake imepungukiwa nguvu. Mama alikuwa pembeni amepakata mkoba wangu. Niliona midomo yake ikihesabu pamoja nami, bila sauti.

Tulipofika kwenye korido akasema, "Kiti kile ni kifupi mno. Kinamchosha mtu."

Nikamjibu, "Ndiyo, Mama, ni kifupi kweli."

Tulisema hayo tu. Mama ana miaka 74. Muda mfupi kabla ya hapo, nilipokuwa nikivua viatu ili nipimwe uzito, yeye ndiye aliyekuwa ameketi juu ya kiti hichohicho, akainuka huku mkono mmoja umeshika mkoba wangu na mwingine chupa ya chai. Mimi nina miaka 43. Yeye alijua na mimi nilijua, na kilichoniuma si uongo wake, kwa maana ulitoka katika huruma, bali wepesi wangu wa kuupokea. Ningeweza kusema, "Hapana, Mama, ni miguu yangu." Nimeisema sentensi hiyo jikoni, nimeisema bafuni, nimeisema njiani kutoka shuleni hadi nyumbani Pasua, na kila ninapoisema naiona ni fupi na rahisi, wala sielewi kwa nini haikunitoka pale ilipohitajika. Wiki hii wakaguzi walikuja shuleni na Baba Watoto akapokea barua ya uhamisho wa Singida, lakini mimi bado nimesimama kwenye ile korido.

Daktari aliita hali yangu unyonge wa mwili. Vigezo vitano vinavyotumika sana kuutambua vilichapishwa mwaka 2001 na Linda Fried na wenzake wa Marekani, waliochunguza watu wa miaka 65 na kuendelea: uzito kupungua bila kukusudia, uchovu usioisha, kiganja kulegea, mwendo kuwa wa polepole na shughuli za mwili kuwa chache. Mwenye vitatu au zaidi huhesabiwa kuwa mnyonge. Mimi ninavyo vitatu. Mama, nikimtazama kwa jicho langu mwenyewe, hana hata kimoja. Daktari alinieleza kwamba kwa wagonjwa wa utumbo kama sisi, iwe ni vidonda vya utumbo mpana au ugonjwa wa Crohn, unyonge hausubiri uzee. Uvimbe unaowaka tumboni miezi nenda rudi hula misuli, damu inayopotea huleta upungufu wa damu, nasi wenyewe hupunguza chakula kwa kuogopa maumivu. Tena dawa ya prednisoloni, ambayo ndiyo iliyouzima ule moto, ikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha misuli ya mapaja na mifupa, na pamoja na hayo haifai kuikatisha ghafla, ndiyo maana napunguziwa kidogokidogo.

Nilijaza pia dodoso la maswali 32, kila jibu kwa alama 1 hadi 7, kuhusu tumbo, mwili, hisia na maisha yangu na watu. Kwenye tumbo nilijipa alama nzuri, kwa kuwa ni wiki ya tatu sasa sijaona damu. Kwingine kalamu ilikuwa nzito. Watu wakiniuliza hali huuliza tumbo, nami nikisema limetulia hufurahi, kumbe siku hizi nafundisha kipindi cha dakika 40 nikiwa nimeegemea meza, ndoo ya maji anabeba mwanangu wa darasa la tano, na harusi mbili nimezikosa kwa sababu tu sikuwa na nguvu ya kuvaa na kutoka.

Jana jioni Mama alipiga simu. Baada ya salamu akasema amezungumza na fundi seremala, kile kiti cha barazani kitaongezwa miguu ili nikipanda huko Krismasi nisipate taabu ya kuinuka. Mwanzo maneno yale yalinichoma kuliko ya korido. Kisha nikamwona akisimama mbele ya fundi, akipima kimo kwa mkono hewani, na koo likanibana.

"Mama," nikasema, "kiti cha kliniki hakikuwa kifupi."

Akanyamaza. "Najua, mwanangu."

"Ni mapaja yangu. Daktari amesema yanaweza kurudi uvimbe ukitulia, nikila vizuri na nikifanya zoezi la kuinuka kila siku. Usikirefushe. Kiache kilivyo, nije nijipime nacho."

Aliuliza niinuke mara ngapi kwa siku. Nikamwambia nimeanza na mara 5, asubuhi na jioni. Akasema kila jioni atapiga simu ahesabu, tena kwa sauti, na nile mayai, na ndizi za mtori atamkabidhi kondakta wa Haisi Jumatatu. Nilicheka, na nilipokata simu niliinuka mara 6.

Leo hajapiga. Mvua imenyesha tangu saa tisa, na mlima wote umefunikwa na wingu. Saa hizi huwa anateremka bondeni kumkatia ng'ombe majani, na njia ile ikilowa huteleza vibaya. Nimempigia mara 3, simu haipatikani. Nimemtumia ujumbe jirani yake wa juu, naye bado hajanijibu.