Nyumba yangu nisiyoruhusiwa kuipaka rangi

Mama alinipigia kutoka Tanga kunipa hongera. "Nasikia umenunua nyumba huko, mwanangu." Nikamwambia, "Mama, si yangu hasa. Ni ya akaunti yangu ya uzeeni." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Akaunti nayo inahitaji pa kulala?"

Nilicheka, lakini sikuwa na jibu la haraka. Nilifanya kazi ghalani hapa Ohio, Marekani, miaka 11, na kila mshahara ulikatwa kidogo kwenda kwenye 401(k), akiba ya uzeeni inayopitia kwa mwajiri. Nilipobadili kazi mwaka 2023 zilikuwa zimefika dola 101,000. Nikazihamishia kwenye IRA, yaani akaunti ya uzeeni ya mtu binafsi, ya aina ambayo mwenye akaunti ndiye anayeamua inunue nini: hisa, shamba, hata nyumba. Pesa zilitoka akaunti moja kwenda nyingine bila kupita mkononi mwangu. Kampuni inayoitunza haikupi ushauri. Inatekeleza unachoagiza na kukutoza ada.

Nyumba niliyoipenda ilikuwa Dayton, dola 132,000. Pesa hazikufika, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba IRA inaweza kukopa, ila mimi siwezi kuidhamini. Benki ya kwanza ilinipa riba nzuri sana. Nikafurahi mpaka mhasibu wangu alipofika ukurasa wa tisa wa mkataba na kuweka kidole kwenye mstari mmoja: dhamana binafsi. Kwa sheria ya kodi, kifungu cha 4975, sahihi yangu pale ingeiua akaunti. Ingehesabiwa kwamba nilizitoa pesa zote tangu Januari mosi ya mwaka ule, na kwa kuwa sijatimiza miaka 59 na nusu, juu ya kodi ningelipa faini ya asilimia 10.

Kinachotakiwa ni mkopo ambao nyumba peke yake ndiyo dhamana. Malipo yakikwama, mkopeshaji anachukua nyumba na hana la kunifuata mimi. Wanaoukopesha ni wachache, na kwa kuwa hatari wanaibeba wao, wanadai kianzio kikubwa. Akaunti yangu ilitoa nusu. Ikakopa dola 66,000 kwa riba ya asilimia 7.75, miaka 25, marejesho karibu dola 500 kwa mwezi. Baada ya gharama za kusaini zilibaki kama dola 30,000 kwenye akaunti, na mkopeshaji alitaka kuziona zikiwa pale pale.

Dalali naye nusura aniponze. "Andika hundi ya arubuni, dola 2,000 tu, wasije wengine wakatuwahi." Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Arubuni lazima itoke kwenye akaunti, na mkataba uandikwe kwa jina la akaunti. Tukasubiri siku nne nikiomba Mungu asije mnunuzi mwingine.

Nikaanza kuitazama nyumba ile kama mali ya yatima niliyekabidhiwa kumlea: hata senti isichanganyike na yangu. Mimi, mke wangu, wazazi wangu na watoto wetu haturuhusiwi kulala mle, kuikodi wala kuikarabati kwa mikono yetu. Ajabu ni kwamba ndugu wa kuzaliwa hawamo kwenye katazo. Mdogo wangu anaruhusiwa kupanga pale, mama yangu hapana. Mweleze mtu wa Tanga akuelewe!

Januari 2024 mtambo wa kupasha joto ukafa, nje theluji. Mpangaji ana mtoto mchanga. Kadi yangu ilikuwa mfukoni na fundi amesimama mlangoni, bei dola 5,400, lakini siwezi kulipa. Lazima akaunti ndiyo ilipe, na maagizo ya malipo kwa kampuni inayoitunza huchukua siku kadhaa. Nikataka angalau kupeleka hita yangu ya umeme. Mhasibu akasema hapana. Mdogo wangu ndiye aliyebeba zake mbili akazipeleka usiku ule. Fundi, Mungu ambariki, akakubali kufunga mtambo na kungoja pesa. Mwezi uliofuata nikaajiri meneja wa nyumba, anayeshika dola 1,500 za akaunti kwa dharura kama hizo.

Kisha kuna kodi, na Kiswahili chetu hapa kinachanganya, maana ya mpangaji na ya serikali zote ni kodi. Mpangaji analipa 1,350 kwa mwezi. Kwa kuwa nusu ya nyumba ni mkopo, karibu nusu ya faida inatozwa kodi na serikali, ingawa IRA kwa kawaida haitozwi. Akaunti ikachukua namba yake ya mlipakodi, na mhasibu akajaza fomu ya kodi hiyo, 990-T. Ukitoa riba, bima, kodi ya mali, meneja na uchakavu, halafu ile dola 1,000 inayosamehewa, akaunti ilidaiwa dola 11. Ada ya mhasibu ilikuwa 400. Aliyejiajiri anaweza kutumia 401(k) ya mtu mmoja akakwepa kodi hii kihalali, lakini mimi ni wa kuajiriwa. Nikija kuuza, nitamaliza mkopo kwanza na kungoja zaidi ya miezi 12, ili faida ya mauzo isiguswe.

Juzi nilipita pale nikaona mfereji wa paa umejaa majani makavu hadi yanamwagika. Ngazi ninayo gereji. Nilikaa ndani ya gari nikiutazama, kisha nikampigia meneja.